Kupima Ziwa Natron na Milima Yake: Setilaiti, Droni, RTK au Fimbo?

Ukiuliza mjini Arusha namna ya kupata ramani ya mwinuko ya Ziwa Natron na milima inayolizunguka, jibu linategemea umemuuliza nani. Mwenye droni atakwambia droni. Mwenye GPS ya RTK (inayosahihishwa papo hapo na kituo kilichosimikwa jirani) atakwambia bila RTK hupati kitu. Anayeshinda kwenye kompyuta atakwambia pakua data za setilaiti, ni bure, ya nini kwenda kula vumbi. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea kipande chake cha ardhi.

Ziwa liko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Lina urefu wa kilomita 57 hivi na upana unaofika kilomita 22, na bado kina chake hakifiki mita 3. Kusini Ol Doinyo Lengai unapanda hadi karibu mita 2,960, mashariki Gelai unafika mita 2,942, magharibi umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, na kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kuna Shompole. Yaani ni sinia kubwa lililozungukwa na kuta, baadhi zikilizidi ziwa kwa zaidi ya mita 2,000.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mlimani penye mteremko wa nyuzi 30, ukikosea urefu kwa mita 4, mstari wa kontua unasogea mita 7 tu. Kwenye ramani ya 1:50,000 huo ni upana wa wino. Ziwani, penye mteremko wa 1 kwa 2,000, kosa la sentimita 10 linausogeza ufuo mita 200, na kosa lile lile la mita 4 linausogeza kilomita 8. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa gani ni sahihi zaidi, uliza kosa litakuuma wapi. Milimani bana matumizi. Fedha ipeleke kwenye tambarare na kwenye tope.

Milimani: data za bure, na kileleni Lengai tahadhari

Kwa milima, ushindani wa kweli ni kati ya seti tatu za data za mwinuko zinazopatikana bila malipo:

| Data | Zilichukuliwa lini | Pikseli | Kosa la wima linalotajwa | Rejea ya urefu |
|---|---|---|---|---|
| SRTM | Februari 2000 | m 30 | m 16 (asilimia 90 ya nukta) | EGM96 |
| AW3D30 | 2006–2011 | m 30 | m 5 (RMSE, kosa la wastani) | EGM96 |
| Copernicus GLO-30 | 2011–2015 | m 30 | chini ya m 4 (asilimia 90 ya nukta) | EGM2008 |

Kuna ASTER pia, lakini kwa eneo hili haina sababu ya kuchaguliwa: ina mawimbi ya uongo kwenye tambarare na mashimo palipokuwa na wingu.

Chaguo letu la kuanzia ni Copernicus GLO-30. Inatokana na rada za setilaiti za TanDEM-X, kwa hiyo mawingu yanayokaa juu ya Gelai na jirani yake Kitumbeine hayakuisumbua, na mabonde membamba ya kwenye miteremko yanaonekana vizuri kuliko kwenye SRTM. Udhaifu wake ni ule wa rada zote: inatazama kwa ubavu, kwa hiyo ukuta mkali wa Bonde la Ufa unaweza kulaliana upande mmoja na kufichwa kivulini upande mwingine. Sehemu hizo huwa zimejazwa kwa data nyingine, na faili za ziada zinazokuja pamoja na data huonyesha wapi. Zifungue. Watu wengi huzifuta ili kuokoa nafasi kwenye diski, halafu wanashangaa kontua zao zikikatika ghafla kwenye ukingo.

AW3D30 ilitengenezwa kwa picha za kawaida, si rada, na ni nzuri kuwa nayo kama shahidi wa pili. Toa moja kwenye nyingine ndani ya programu ya ramani ya QGIS. Popote tofauti inapozidi mita 15, pana tatizo la mojawapo, na ndipo pa kwenda kuhakiki kwa miguu. Kabla ya kutoa, zilete kwenye geoidi moja, yaani umbo moja la usawa wa bahari linalotumika kuhesabia urefu. EGM96 na EGM2008 hazilingani, na tofauti yao inaweza kufika mita au zaidi, jambo lisilokusumbua mlimani lakini linaloharibu kila kitu ziwani.

Kanuni ya kuamua nafasi ya kontua ni rahisi: zidisha kosa la wastani (RMSE) kwa 3.3. Data yenye RMSE ya mita 5 inakupa kontua za kila mita 16 au 17, yaani chora za mita 20 uridhike. Anayekuuzia kontua za mita 2 za mlima mzima kutoka data ya bure ya pikseli za mita 30 amezichora kwa programu, hajazipima.

Lengai ndio mlima usiofuata utaratibu huu. Mlipuko wa 2007 na 2008 uligeuza kabisa umbo la kreta yake. Kabla ya hapo kreta ya kaskazini ilikuwa imejaa lava karibu hadi ukingoni. Baada yake kukabaki shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100 ndani ya koni mpya, na tangu hapo lava imekuwa ikilijaza tena kidogo kidogo. SRTM ya 2000 inakuonyesha kreta ambayo haipo tena. AW3D30 imechanganya picha za kabla na za baada. Copernicus ni ya baada, ila ni ya miaka ya mwanzo ya kujaa kwa shimo. Hata urefu wa mlima wenyewe vitabu havikubaliani: vingine vinataja mita 2,878 na vingine 2,962. Kwa miteremko, tumia Copernicus bila wasiwasi. Kwa kreta, hakuna data ya bure inayokufaa: ama upige picha upya, ama uandike mwaka wa data pembeni mwa ramani kwa herufi zinazoonekana.

Na Gelai nao una lake. Mwaka 2007, kabla Lengai haujalipuka, matetemeko yaliupiga upande wa kusini wa Gelai na ardhi ikazama kwa makumi ya sentimita kwenye ufa uliofunguka, jambo lililoonekana wazi kwenye vipimo vya rada za setilaiti. Kwa kontua za mita 20 hiyo si hoja. Kwa bikoni au benchimaki (alama ya kudumu ya upimaji) ya zamani iliyoko upande huo, ni hoja kubwa: urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha ofisi si urefu wa leo.

Ramani za zamani: bado zina kazi, ukizijua

Karatasi za ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 zina majina ya mahali, mito ya msimu na njia za ng'ombe ambavyo setilaiti haiwezi kukupa. Kwa majina ya Kimaasai ya vijito vidogo, hazina mpinzani. Kwa urefu, Copernicus inazishinda.

Kinachowaangusha watu ni datamu, yaani msingi ambao koordineti zinahesabiwa kutoka kwake. Karatasi hizo ziko kwenye Arc 1960, ilhali simu yako na droni yako ziko kwenye WGS84. Ukisoma koordineti kutoka karatasi na kuziingiza kwenye GPS bila kuzibadilisha, utasimama mahali palipo karibu mita 300 kutoka unakokutaka, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ndani ya QGIS, ipe karatasi uliyoskani msimbo wake sahihi (EPSG:21036 au 21037), kisha iache programu ibadilishe. Usiisogeze kwa mkono mpaka "ikae sawa".

Kwa nini 21036 *au* 21037? Kwa sababu meridiani ya nyuzi 36 mashariki, ambayo ni mpaka wa zoni za gridi ya ramani ya UTM, inapita katikati ya ziwa hili. Lengai uko zoni 36, Gelai uko zoni 37. Ufuo wa magharibi unasoma mashariki ya zaidi ya 800,000, na ufuo wa mashariki unaanza upya na chini ya 200,000. Timu mbili zikienda pande mbili za ziwa, kila moja na mpangilio wake, mkikutana jioni mtakuta ziwa lina upana wa mamia ya kilomita.

Hata ukilazimisha kila kitu kwenye zoni moja, bado uko kwenye pindo lake, ambako UTM inavuta umbali. Katika urefu wa mita 600, kilomita moja ya ardhini inasomeka kama kilomita 1 na sentimita 88 hivi kwenye gridi. Anayepima kwa totali stesheni (darubini ya kupima pembe na umbali hadi kwenye prizma) na kulinganisha na GPS ataona kosa hilo na kulaumu prizma. Njia safi ni kujitengenezea projeksheni ya kazi, yenye meridiani ya kati kwenye 36:

+proj=tmerc +lat_0=0 +lon_0=36 +k=1.0001 +x_0=500000 +y_0=10000000 +ellps=WGS84

Hiyo k ya 1.0001 inakaribia kufuta athari ya mwinuko, kwa hiyo umbali wa gridi na wa ardhini ziwani unalingana hadi sentimita moja hivi kwa kilomita. Fanya kazi yote humo. Ukimaliza, badilisha matokeo kwenda zoni rasmi kwa ajili ya kuyakabidhi.

Droni: tamu kwa kipande, ghali kwa ziwa

Tuchukue mfano wa Mavic 3 Enterprise, ambayo wapimaji wengi wanaifahamu. Ikiruka mita 100 juu ya ardhi, pikseli moja ni sentimita 2.7. Picha moja inafunika takriban mita 143 kwa 107. Kwa mwingiliano wa asilimia 75 mbele na 70 ubavuni, mistari inakaa mita 43 mbalimbali na picha zinapigwa kila mita 27. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde na dakika 25 za kazi halisi kwa betri (sahau zile dakika 40 na zaidi zilizoandikwa kwenye boksi), ukitoa mageuzo unafunika karibu nusu kilomita ya mraba, na kila kilomita ya mraba inakuachia picha kama 860 za kuchakata.

Ziwa lote lina takriban kilomita za mraba 1,000. Hizo ni betri 2,000. Mjadala wa "tupige ziwa lote kwa droni" uishie hapo.

Lakini kwa maeneo madogo hakuna kinachoifikia: delta ya mto Engare Sero, mdomo wa Peninj, eneo la nyayo za binadamu wa kale kusini mwa ziwa, au kreta ya Lengai. Hapo unapata uso wa ardhi wenye kosa la wima la sentimita 5 hadi 8, ikiwa mambo manne yamekaa sawa.

La kwanza ni joto. Droni nyingi za daraja hili mwisho wake ni nyuzi 40, na Natron inapita hapo mchana bila shida. Ruka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Baadaye betri zinachemka, upepo unaamka, na mwanga unaopiga kwenye magadi unaunguza picha. Punguza mwanga wa kamera kwa hatua moja hivi na uufunge hapo. Ukiacha kamera ijiamulie, picha za juu ya ganda jeupe na za juu ya tope jeusi zitatofautiana mno kuunganishwa.

La pili ni ganda lenyewe la magadi. Programu ya kuunganisha picha hutafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha. Juu ya magadi meupe yasiyo na nyufa hakuna alama, na juu ya maji ni mbaya zaidi: utapata vilima vya uongo na mashimo. Palipo na nyufa za pembe sita kazi huenda vizuri. Pasipo nazo, panda hadi mita 120 ili kila picha ishike kitu fulani pembeni, na sehemu za maji zikate kabisa kabla ya kutengeneza kontua.

La tatu ni alama za ardhini. RTK ya ndani ya droni haikuondolei haja ya alama, kwa sababu kosa dogo la lenzi hugeuka kuwa kosa la wima la eneo zima, au uso wote ukapinda kama bakuli. Weka angalau tano, nne kwenye pembe na moja katikati, pamoja na tatu nyingine ambazo hutaziingiza kwenye hesabu, za kuhakiki tu. Ubao wa sentimita 60 unatosha. Rangi iwe nyekundu na nyeusi; ile nyeusi na nyeupe ya kawaida humezwa na magadi. Zikandamize kwa mawe, upepo wa kule hauna adabu.

La nne linahusu Lengai tu. Ili kufuata mteremko, droni hutumia data ya mwinuko unayoipakia. Ukiipakia SRTM, unaipa kreta ya 2000 na kuituma kwenye koni iliyojengwa 2008. Pakia Copernicus, ongeza kimo cha usalama kisichopungua mita 60 juu ya kile unachokitaka, na urushe mstari mmoja wa majaribio kwa mkono.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Kuna TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), kuna Wizara ya Ulinzi, na kwa kuwa eneo lina usimamizi wa wanyamapori, kuna TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na serikali ya kijiji. Mpaka wa Kenya unakata pembe ya kaskazini ya ziwa, usiukaribie kwa droni. Na katikati ya ziwa usiruke kabisa msimu heroe wanapotaga: Natron ndiyo mazalia pekee ya uhakika ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na kundi likishtuka linaacha viota.

RTK, PPP na totali stesheni: nani abebe urefu

Kila ulichokisoma hapo juu kinategemea nukta chache zenye urefu wa kuaminika. Njia ya mtandao, yaani kupokea masahihisho kwa laini ya simu, ni ya mjini. Ziwani mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo ni kituo chako mwenyewe na rova yako (kipokezi unachotembea nacho), kwa redio.

Utaratibu unaofanya kazi: simika kituo kwenye mwamba karibu na Engare Sero, si kwenye majivu laini, na kiache kikirekodi saa 6 siku ya kwanza. Faili lake ligeuze kuwa RINEX (muundo wa kawaida wa data za GPS) na ulitume kwenye huduma ya bure ya PPP, inayokokotoa nafasi bila kituo kingine cha jirani, kama CSRS-PPP ya Kanada. Matokeo ya siku inayofuata hukupa nafasi ya kituo kwa kosa la sentimita chache. Wakati huo rova inaendelea kufanya kazi, kwa kosa la takriban milimita 15 za wima pamoja na milimita 1 kwa kila kilomita kutoka kituoni. Ukipata nafasi halisi ya kituo, nukta zote zinasogezwa kwa pamoja. Andika pia tarehe ya kipimo, kwa kuwa bamba la ardhi linasogea karibu sentimita 3 kwa mwaka, na nafasi ya PPP ni ya siku ile, si ya TAREF11, mfumo wa koordineti wa Tanzania.

Redio ndogo zinafika kilomita 5 hadi 8 kama vifaa vinaonana. Zaidi ya hapo, rekodi tu kituoni na kwenye rova, uchakate jioni. Njia hiyo, wanayoiita PPK, haikatiki kwa sababu ya kilima, ila haikuambii papo hapo kwamba nukta imeharibika. Ukiwa na watu wapya, RTK. Ukiwa na wazoefu na eneo refu, PPK.

Kosa linalojirudia zaidi ya yote ni la urefu wenyewe. GPS hupima kutoka elipsoidi, umbo laini la kihesabu la dunia, na ukanda huu geoidi iko chini ya elipsoidi kwa mita kumi na kitu, kwa hiyo namba ghafi ya GPS ni ndogo kuliko urefu wa juu ya bahari kwa kiasi hicho. Watu wa Moshi wanalijua hili kupitia mlima wao: upimaji wa GPS wa 1999 uliitoa Kilimanjaro mita 5,892 badala ya 5,895 zilizozoeleka, na kazi kubwa ilikuwa kuivusha namba ya GPS kutoka elipsoidi hadi usawa wa bahari. Kwa Natron chagua EGM2008, uitumie kwenye droni, rova na setilaiti sawasawa, na uiandike kwenye ramani.

Totali stesheni ina sehemu moja isiyo na mshindani: korongo la Engare Sero, ambako kuta zinaziba anga na GPS inakupa nukta za kubahatisha. Kwingineko inachosha. Mchana mazigazi hufanya prizma icheze ndani ya lenzi, kwa hiyo usipige shabaha ya zaidi ya mita 300 baada ya saa nne. Ingiza joto na kanieneo halisi asubuhi na ubadilishe kila saa. Kila nyuzi moja ya joto uliyoikosea ni milimita 1 kwa kilomita, na pale joto linaruka nyuzi 15 kati ya alfajiri na adhuhuri.

Sakafu ya ziwa: njia tatu

Sakafu ya ziwa ndiyo inayotenganisha ramani nzuri na picha nzuri. Data za setilaiti ulizozisoma juu huishia kwenye uso wa maji. Chini ya maji hazijui kitu.

Ekosaunda, mashine ya kupima kina kwa sauti, ndicho kifaa cha kwanza kinachomjia mtu akilini, na kwa Natron mara nyingi ni chaguo baya. Mashine nyingi ndogo hazisomi kina kilicho chini ya sentimita 30 hadi 50, na ukiongeza kuzama kwa kichwa chake, sehemu kubwa ya ziwa inabaki haipimiki. Pili, sauti husafiri kwa kasi zaidi kwenye maji mazito ya magadi yenye joto. Mashine imewekewa mita 1,500 kwa sekunde. Maji yakikolea kasi hupita 1,600, na kina kinasomeka pungufu. Tiba ni kushusha bamba la chuma kisichoshika kutu kwa mnyororo hadi mita 1 na mita 2, na kurekebisha kasi mpaka mashine isome hivyo. Tatu, chombo. Maji haya yanakula aluminiamu. Mashua ya aluminiamu na fremu za aluminiamu usizipeleke. Tumia mashua ya faibagilasi au ya mpira, na kila kifaa kioshwe kwa maji safi siku hiyo hiyo. Beba lita 20 za maji safi kwa ajili ya macho na ngozi pekee, mbali na ya kunywa.

Fimbo inashinda. Bomba la plastiki nene la mita 4, lililochorwa kila sentimita 5, na chini yake sahani ya upana wa sentimita 20 ili isizame kwenye tope. Juu yake funga rova. Sahani ikigusa, rova inakupa urefu wa sakafu moja kwa moja, bila kuhangaika na usawa wa maji wala kasi ya sauti. Amueni mapema "kugusa" maana yake nini, kwa sababu tope la juu ni uji: acha fimbo ishuke kwa uzito wake tu, usisukume, na mtu yule yule aishike siku nzima. Mistari ya kila mita 500, nukta kila mita 100, inatosha kwa kontua za sentimita 25 kwenye ghuba moja.

Njia ya tatu ndiyo inayofaa ziwa zima. Ziwa hili hupanda na kushuka, na kila ufuo ni mstari wa kontua uliochorwa na maji yenyewe. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila siku 5, saa tano asubuhi hivi, kwa pikseli za mita 10. Simika vipimo viwili vya kusoma usawa wa maji, kimoja upande wa Engare Sero na kimoja upande wa Gelai, vilivyofungwa kwenye benchimaki yako kwa levo. Visomwe kila picha inapopigwa, kuanzia mwisho wa masika hadi Oktoba. Ufuo wa kila picha unapewa urefu uliosomwa siku ile, kisha mistari yote inaunganishwa kuwa uso mmoja.

Mambo mawili huiharibu. Ganda jeupe la magadi na mwani mwekundu hudanganya kipimo cha maji cha kawaida kinachotumia mwanga wa kijani na wa infraredi ya karibu. Tumia bendi ya 11 (infraredi ya mawimbi mafupi), ingawa pikseli yake ni mita 20, na palipo na ganda lenye unyevu chora kwa jicho. La pili ni upepo. Ziwa lenye kina cha mita 1 na upana wa kilomita 20 linaweza kuinamishwa na upepo kwa zaidi ya sentimita 10, ndiyo maana ya vipimo viwili. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 4, picha hiyo iache.

Kwa kuhakiki tope lililokauka, vuta nukta za leza za setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018. Ni bure, zinapita kwa mistari, na kwenye ardhi tupu iliyo bapa ni bora mno kuliko data yoyote ya pikseli za mita 30. Usizitegemee chini ya maji. Leza yake ya kijani inataka maji maangavu, na haya si maangavu.

Kazi ipi, kifaa kipi

Ramani ya 1:50,000 ya eneo zima kwa ajili ya njia za watalii, mafunzo au mpango wa malisho: Copernicus, majina kutoka Y742, na siku mbili za kuhakiki nukta 20 kwa GPS ya mkono. Usikodi droni.

Barabara, daraja au bomba la maji upande wa Engare Sero: droni kwa ukanda wa mita 200, alama kila mita 400, kituo kwenye mwamba. Ndani ya korongo, totali stesheni. Kontua za mita 0.5 zinapatikana bila ubishi.

Kujua maji yatafika wapi mvua ikizidi, kwa boma au kambi iliyoko ufuoni: anza na njia ya ufuo wa Sentinel-2, kisha tembea na rova kwenye ukanda wa kati ya ufuo wa kiangazi na ule wa masika, mistari kila mita 200. Fanya Septemba au Oktoba, tope likiwa limekauka kwa juu. Mwende wawili wawili, mbao mbili za mita 2 mkononi, na anayetangulia agonge ganda kwa fimbo kabla ya kukanyaga: chini yake kunaweza kuwa na tope la kufika mapajani, nalo ni la moto na linachoma.

Fedha ikitosha kitu kimoja tu, kodi seti ya RTK kwa wiki na uache droni Arusha. Bila nukta zake data za droni huna cha kuzifunga nacho, lakini nukta 300 za rova pamoja na setilaiti ya bure ni ramani inayotumika. Kwenye sanduku la vifaa, ongeza mifuko ya kufunga plagi: ukishaiacha barabara ya Karatu pale Mto wa Mbu, vumbi la majivu linaingia kila tundu, na kebo ya redio ya kituo ndiyo huanza kufa.